Ramadhani 17: Rafiki wa Baba ni Mkristo, Nimzuie?

 

Leo ni siku ya Badri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya vita vile, idadi ya masahaba na malaika walioshuka. Lakini juzi limeingia swali ambalo limenikalisha, na kadiri nilivyolizungusha nikaona lenyewe lina njia yake ya kufika Badri. Kwa hiyo nivumilieni, tutafika.

Kijana mmoja mwenyeji wa Handeni, anafanya kazi Dar es Salaam, ameandika na ameniruhusu nilitoe swali bila jina lake. Baba yake amepita miaka sabini na tano, na mama ni marehemu. Kila jioni mzee hukaa kibarazani na rafiki yake wa rika moja, Mkatoliki, ambaye baba yake aliletwa kutoka upande wa Songea kuja kukata mkonge. Na wao wenyewe walikata mkonge pamoja ujanani, upande wa Korogwe. Ramadhani ikiingia yule mzee Mkristo huja vilevile. Hukaa kimya mpaka adhana, kisha wanafuturu pamoja: tende, uji, muhogo. Miaka yote imekuwa hivyo.

Mwaka huu, mwezi wa Shaabani, kijana alikwenda nyumbani akamwambia baba kwamba futari ni ibada, haifai kuliwa na asiyefunga, na kwamba Qur'ani imekataza kuwafanya Wakristo marafiki. Mzee hakubishana naye. Sijui nani alimwambia yule rafiki, au alielewa mwenyewe, lakini tangu mwezi uandame hajakanyaga pale. Sasa dada anapiga simu kusema baba anafuturu matonge mawili, anaingia ndani, analala. Hata taraweh anakwenda kwa kusukumwa. Kijana anauliza: je, hili ni jambo ambalo baba hana budi kulivumilia kwa ajili ya dini yake, au mimi nimevunja kitu?

Nimempenda kijana huyu, kwa sababu wengine hawaulizi. Wanakata tu, wanaondoka na basi la asubuhi.

Kwanza tuelewane kuhusu urafiki tunaouzungumza. Huu siyo ule wa kujuana kazini, au wa kutumiana vichekesho kwenye simu. Wengi wetu tuliozaliwa baada ya mkonge kuanguka hatujui ulivyowachanganya watu. Mmea wenyewe aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza Kikokwe, Pangani, kisha ukapanda na reli mpaka huku kwetu. Mashamba yalihitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, na watu wakaletwa kutoka Songea, Iringa, Kigoma, mpaka Burundi na Msumbiji. Kila mtu na namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Huyu Mwislamu, huyu Mkristo, huyu ana mizimu ya kwao, wote wamewekwa safu moja ya vyumba kambini. Mtu akiugua usiku, ndugu yake wa damu yuko mwendo wa siku nyingi. Anayemwekea maji mdomoni ni wa chumba cha pili. Akifa, anayechimba kaburi ni huyohuyo.

Wazee wetu wa leo wengi ni watoto wa kambi zile, au ni vijana wa Kizigua na Kisambaa walioingia humo kutafuta kodi na mahari. Miaka ya sitini nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Halafu nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba yakaota vichaka, na watu wakabaki pale pale. Mwaka 1973 hadi 1976 ikaja Operesheni Vijiji, ikawahamisha tena na kuwaweka jirani watu ambao hawakuchaguana. Ongeza na hili: katika koo zetu nyingi, mjukuu mmoja ni Shabani, mwingine ni Stefano, na babu ni yule yule. Kwa hiyo mzee anapokaa na Mkristo kibarazani, asidhaniwe ameiga usasa wa mjini. Ndivyo maisha yalivyomlea.

Na uzee una jambo moja ambalo vijana hamlioni. Mtu wa miaka sabini na tano amezika watu karibu wote waliomjua akiwa na nguvu. Watoto wanamjua kama baba, wajukuu wanamjua kama babu. Aliyemwona akiwa na miaka ishirini, akibeba mzigo wa majani ya mkonge na miiba imemchana mikono, akicheka, akigombana, akioa, amebaki mmoja tu. Huyo akiondoka, mzee hana tena wa kumwambia "unakumbuka siku ile?" akajibiwa. Ukimtenga naye, kuna sehemu ya maisha yake ambayo hakuna mwingine anayeijua.

Sasa tuje kwenye aya. Kijana ametaja Suratul Maida, aya ya 51. Tafsiri zetu nyingi za Kiswahili zimezoea kuandika "marafiki" pale penye neno *awliyaa*. Hilo neno la Kiarabu ni zito kuliko rafiki wa kunywa naye kahawa. Lina maana ya mlinzi, msimamizi, mtu unayemkabidhi jambo lako na la watu wako, na wafasiri wameeleza kwamba liliteremka wakati ambapo kuna watu Madina walikuwa wakitafuta kinga kwa maadui wa Waislamu. Nani anasema hivyo? Qur'ani yenyewe inatusaidia. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 5, Mwenyezi Mungu amehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, na amehalalisha kuwaoa wanawake wao walio waaminifu. Na Suratur Rum, aya ya 21, inatuambia kwamba baina ya mume na mke Yeye ndiye aliyeweka mapenzi na huruma. Hebu fikiri, ewe kijana. Inawezekanaje Sheria imruhusu mtu kumuoa Mkristo, kulala naye kitanda kimoja na kumpenda, kisha imkataze kukaa na Mkristo kwenye benchi?

Halafu kuna Suratul Mumtahina, aya ya 8 na ya 9, ambazo ndizo mizani ya jambo hili. Zimewagawa watu mafungu mawili: wanaokupiga vita kwa ajili ya dini yako na kukutoa majumbani, na wasiofanya hivyo. Kwa hawa wa pili Mwenyezi Mungu hakukataza wema wala uadilifu. Asmaa binti wa Abubakar (r.a.) alijiwa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina, akaogopa kumpokea mpaka amuulize Mtume (s.a.w.). Akaambiwa aunge udugu na mama yake. Sasa yule mzee wa Songea amempiga nani vita? Amemtoa nani nyumbani kwake?

Lakini nisimdhulumu kijana. Ana hoja nzito zaidi ambayo hakuiandika, na mimi nitaitoa kwa niaba yake. Ipo Hadithi, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, inayomwelekeza muumini asifanye suhuba ila na muumini, wala asiwakaribishe kwenye chakula chake ila wachamungu. Wako wanaoishika hiyo peke yake wakafunga mlango. Ila Imam al-Khattabi ameeleza kwamba makusudio ni chakula cha ukaribu na mazoea, kwa kuwa ukaribu unaambukiza, siyo chakula cha kumlisha mwenye haja. Nami naongeza: anayeonywa hapo ni mtu anayechagua wa kumfuata. Kijana wa miaka kumi na minane anayetafuta kundi la kutembea nalo, huyo ndiye namsomea Hadithi hii asubuhi na jioni. Sasa mpime mzee. Miaka hamsini ya suhuba, je, imempunguzia swala? Imemuingiza kwenye pombe? Kijana mwenyewe ameandika kwamba baba hajawahi kuacha kufunga. Kama ukaribu ule ungekuwa na ugonjwa, tungeshauona.

Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikaribisha. Katika Sahih Muslim kuna habari ya mgeni asiye Mwislamu aliyelala kwake, akakamuliwa mbuzi mmoja, akanywa, wa pili akanywa, mpaka wa saba! Hakuna aliyemwambia maziwa yameisha. (Kesho yake alisilimu, na mbuzi wa pili akamshinda.) Alikuwapo kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, akaugua, Mtume akaenda kumjulia hali. Na alipofariki dunia, deraa yake ilikuwa rehani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Hayo yote ni maisha ya jirani na jirani.

"Lakini futari ni ibada." Ndiyo, ni ibada. Basi tusome Suratul Insan, aya ya 8, inayowasifu watu wema kwa kumlisha maskini, yatima na mateka. Mateka wa wakati ule walikuwa nani? Wafasiri wa zamani kama Qatada wamesema walikuwa washirikina. Kumlisha asiye Mwislamu kumeingizwa ndani ya sifa za watu wa Peponi. Hapo ndipo tunafika Badri. Waislamu walirudi na mateka kama sabini, watu waliokuja kuwaua. Mmoja wa mateka hao, Abu Aziz bin Umair, alisimulia baadaye jinsi Answari waliomshika walivyompa yeye mkate, wao wakala tende, kwa sababu Mtume alikuwa ameusia wema kwa mateka. Mkate ulikuwa ndiyo chakula bora. Kama mateka aliyekuja na upanga alipewa mkate, mzee aliyekuja na fimbo yake ya kutembelea tunamnyima muhogo?

Badri ina jambo jingine ambalo mimi ndilo linanigusa kuliko yote. Miaka michache kabla ya vita, Mtume (s.a.w.) alirudi kutoka Taif amepigwa mawe, na Makka hapaingiliki. Aliyempa ulinzi ni Mut'im bin Adiy, mshirikina. Alivaa silaha yeye na wanawe wakasimama Al-Kaaba mpaka Mtume akaingia salama. Mut'im akafa kabla ya Badri, kwenye dini yake ile ile. Lakini siku mateka walipokusanywa, Mtume alisema kwamba Mut'im angekuwa hai akawaombea watu hawa, angemwachia wote kwa ajili yake. Imo katika Bukhari. Na Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, alimtungia Mut'im tungo ya maombolezo.

Tulieni hapo kidogo. Mtu amekufa bila kusilimu, hawezi tena kusaidia wala kudhuru, hakuna faida ya kisiasa ya kumkumbuka. Bado deni la wema wake lilikuwa hai moyoni mwa Mtume kiasi cha kuwa tayari kuacha mateka sabini.

Upande mwingine pia unahitaji kuambiwa ukweli. Kuna wanaosema kwa wepesi, "dini zote sawa tu, Mungu ni mmoja, yaishe." Wanasema hivyo kwenye sherehe na majukwaani, wakidhani ndivyo wazee waliishi. Sivyo. Wazee hawakuwahi kusema dini ni sawa. Wanajua mipaka kuliko sisi. Mkristo akiwa na arusi au Krismasi, anamtuma mtoto kwa rafiki yake Mwislamu aje achinje, ili wote wale bila shaka. Jambo hilo hilo, mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, liligeuka ugomvi mpaka mchungaji akauawa. Wazee walilimaliza zamani kwa kupeana kisu. Na mwaka huu wa 2026, ambapo Jumatano ya Majivu na mwandamo wa Ramadhani vimeangukia wiki moja, mzee wa Kikatoliki naye yuko kwenye mfungo wake wa Kwaresima, Ijumaa hali nyama. Mwenzake analijua hilo bila kufundishwa, na Ijumaa hamwekei nyama.

Angalia wanavyozikana. Akifa Mkristo, wazee wetu wanakwenda tangu asubuhi. Ibada ikianza wanatoka, wanasimama chini ya mwembe, hawaitikii sala isiyo yao. Ikiisha wanarudi, wanashika jembe na koleo. Akifa Mwislamu, Wakristo wanasimama nyuma wakati tunaswali, kisha wanasindikiza jeneza. Hakuna aliyewaandikia utaratibu huo. Mtume (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipokumbushwa kuwa ni la Myahudi akauliza kwani huyo naye si nafsi.

Hapo penye kaburi ndipo swali linapokuwa gumu kweli, na nisilikwepe. Mwislamu anaamini kwamba dini ya haki mbele ya Mwenyezi Mungu ni Uislamu. Anampenda mtu, na mtu huyo anakufa nje yake. Suratut Tawba, aya ya 113, imetukataza kuwaombea msamaha waliokufa katika ushirikina. Sasa huyu mzee atafanya nini na mapenzi yake? Je, urafiki wa namna hii una kasoro ndani yake, kwamba ama unampenda mwenzako au unaamini dini yako?

Mimi narudi kwa Abu Talib. Alimlea Mtume tangu akiwa na miaka minane, akamkinga mpaka mwisho, akafa bila kutamka shahada. Mtume alikuwa kitandani pake akimwomba atamke. Ikateremka Suratul Qasas, aya ya 56, kwamba yeye hawezi kumwongoa ampendaye. Wapo wafasiri wanaosema maana yake ni "unayependa aongoke," na wapo wanaosema ni yule unayempenda kwa udugu. Vyovyote vile, aya imemweleza Mtume mwisho wa uwezo wake, lakini haikumlaumu kwa kuwa na mapenzi. Na Abu Talib alipokufa, Ali (r.a.) aliamrishwa aende akamzike baba yake.

Ndiyo jibu ninaloliona. Mapenzi yale yanaruhusiwa kuwa na huzuni ndani yake. Rafiki wa kweli anamtakia mwenzake uongofu, na kwa zaidi ya miaka hamsini mwenendo wa mzee umekuwa daawa kila siku, pengine kubwa kuliko mihadhara yangu. Moyo wa mtu uko mikononi mwa Muumba. Mzee kilicho mikononi mwake ni kumjulia hali akiugua, kumlipa deni, kusema kweli juu ya wema wake, kumchimbia kaburi, na kuwaangalia watoto wake kama Mut'im alivyokumbukwa. Na kabla ya hayo yote, wakati wote wawili wako hai, kukaa naye.

Mwaka 1955 Julius Nyerere alipoacha ualimu Pugu, kijana Mkatoliki asiye na mshahara, walioshika mkono wake Dar es Salaam walikuwa wazee wa Kiislamu, akiwemo Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki wa Kariakoo. Hao tunawataja kwenye hotuba kwa sababu ikazaliwa nchi. Wazee wa vibarazani hawazai nchi, hawatajwi.

Kwa hiyo, mwanangu, nakujibu wazi. Haikuwa wajibu kumzuia baba, na wala haikufaa. Suratul Luqman, aya ya 15, inasema hata wazazi wakikushurutisha kumshirikisha Mungu, usiwatii katika hilo, lakini ukae nao duniani kwa wema. Baba yako hakukushurutisha lolote. Usimtume dada kwenda kumwita yule mzee, na usipige simu ukadhani imetosha. Aliyevunja kwa mguu wake aende kwa mguu wake. Nenda Handeni mwisho wa wiki, mwamkie mzee yule shikamoo nyumbani kwake, umwombe mwenyewe arudi. Usianze kumweleza aya. Akikataa siku ya kwanza, usishangae, naye ana heshima yake. Rudi tena.

Baadhi yenu mtauliza, je, zakatul fitri tunaweza kuwapa wazee kama hao wakiwa maskini? Kwa madhehebu yetu ya Shafi, fitri ni ya Waislamu mafukara. Abu Hanifa ameruhusu kumpa asiye Mwislamu anayeishi kwa amani na Waislamu. Sisi tutabaki na ya Shafi katika kibaba cha fitri, lakini sadaka ya kawaida haina mpaka huo, na mchele wa Idi hauulizi kadi ya ubatizo. Wanaotaka kutoa, mchango unapokelewa baada ya taraweh usiku huu, na orodha ya wazee wanaoishi peke yao iko kwa katibu. Majina ya Wakristo yamo humo humo.